Wati na Shilingi: Gharama Halisi ya Mashine ya Muziki Nyumbani

Shishiyu ni kata ya wakulima na wafugaji katika Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, ndani ya nchi ya Wasukuma. Mkoa huo, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na unajulikana kote nchini kwa kilimo cha pamba. Fedha za pamba zina tabia yake: huingia kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi ufunguliwapo. Katika majuma yanayofuata, kila kaya hukata shauri lake. Yapo mabati ya nyumba, sare na madaftari ya watoto, ndama wa kuongeza zizini, na mbegu na dawa za msimu ujao. Aghalabu ipo pia mashine ya muziki. Zamani ilikuwa redio-kaseti. Siku hizi ni sabufa, yaani kikuza sauti chenye sanduku kubwa la sauti nzito za besi pamoja na spika mbili au zaidi ndogo.

Uchaguzi huo haufai kubezwa. Wasukuma ni watu wa ngoma tangu kale. Katika mashindano mashuhuri ya Bagika na Bagalu, yafanyikayo baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mahali penye desturi ya namna hiyo, muziki ni sehemu ya heshima ya mtu na ya mji wake. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: je, shilingi zinazotolewa kwa ajili ya sauti hununua sauti kweli? Fizikia ya kidato cha pili na cha tatu yatosha kulijibu, na jibu lake laweza kuiokolea kaya moja fedha nyingi.

BEI YA CHOMBO NA BEI YA NISHATI

Mnunuzi anapoingia dukani huona bei moja, nayo ni ile ya chombo. Gharama ya pili, yaani ile ya nishati, haikuandikwa popote, ingawa ndiyo huendelea kulipwa siku zote.

Historia ya redio barani Afrika ina mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka 1949 redio ndogo ya betri ilianza kuuzwa katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ilikuwa ya mviringo, yenye umbo kama la sufuria, na kwa hiyo watu waliiita redio ya sufuria. Ilitengenezwa na kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ili Mwafrika wa kipato cha chini aweze kuimudu. Bei yake ilikuwa pauni 5, yaani shilingi 100 za wakati huo. Betri yake iliuzwa shilingi 25, nayo ilidumu kwa muda wa saa 300 hivi. Hesabu ni nyepesi: betri nne ziligharimu sawa na redio yenyewe, na zilitosha saa 1,200. Msikilizaji aliyefungua redio kwa saa 4 kila siku alizimaliza kwa siku 300. Kabla mwaka haujatimia, alikuwa amekwisha kuinunua redio yake mara ya pili bila ya kujua.

Ugunduzi wa transista mwaka 1947 nchini Marekani ulilipunguza tatizo hilo sana. Redio ya transista haikuhitaji kupasha moto nyuzi za valvu za kioo, na hivyo ilitumia nishati kidogo mno. Nchini Tanzania, kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kilitengeneza redio na betri za chapa ya National, na vyombo hivyo vikaenea hadi vijijini. Redio za aina hiyo ndizo zilizokusanya watu katika vikundi vya kusikiliza wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ambapo wananchi wapatao milioni 2 walishiriki. Kazi hiyo kubwa ilifanywa na vyombo ambavyo kila kimoja kilihitaji chini ya wati moja.

Sabufa imelirudisha tatizo lile la zamani kwa sura mpya. Redio ndogo hutumia kama nusu wati, bali sabufa ya kawaida huweza kutumia wati 30 au zaidi ifunguliwapo kwa nguvu. Nishati hupatikana kwa kuzidisha nguvu kwa muda. Wati 30 kwa saa 4 ni wati-saa 120. Redio ya nusu wati kwa muda huo huo ni wati-saa 2 tu. Tofauti yake ni mara 60.

Je, wati-saa hizo hupatikana kwa bei gani? Yafaa kulinganisha njia tatu.

Ya kwanza ni betri kavu. Betri moja kubwa ya aina ya kawaida hutoa kwa makadirio wati-saa 7. Ili kupata uniti moja ya umeme, yaani wati-saa 1,000, zahitajika betri 140 hivi. Hata kama betri moja ingeuzwa shilingi 500 tu, uniti hiyo ingegharimu shilingi 70,000.

Ya pili ni nguvu ya jua. Hapa jua lenyewe ni bure, bali betri ya kuhifadhia umeme si bure, nayo huchakaa. Ikiwa betri imenunuliwa kwa shilingi 150,000, ikatoa wati-saa 120 kila usiku na kudumu miaka 3, itakuwa imetoa uniti 131 kabla ya kufa. Kila uniti, kwa gharama ya betri peke yake, ni kama shilingi 1,145.

Ya tatu ni umeme wa gridi. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hiyo, sabufa ya wati 30 ikipigwa saa 4 kila siku kwa siku 30 hutumia uniti 3.6, yaani shilingi 360 kwa mwezi.

Chombo ni kile kile na wimbo ni ule ule. Lakini gharama ya nishati yake yaweza kuwa shilingi 100, au zaidi ya 1,000, au 70,000. Kwa sababu hiyo, mtu wa mjini mwenye umeme ukutani anaweza kununua mashine kwa kutazama bei ya dukani tu. Mkulima wa kijiji au kitongoji ambacho nguzo hazijafika, hata baada ya kazi kubwa ya Wakala wa Nishati Vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, hapana budi ahesabu vitu viwili pamoja.

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa na mwanafunzi ubaoni. Mahitaji ni wati-saa 120 kwa siku. Betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake kila siku, kwani itakufa mapema. Kwa hiyo zahitajika wati-saa 240, ambazo kwa volti 12 ni saa-ampea 20. Paneli nayo, ikichukuliwa kwamba hupata jua kamili kwa saa 5 kwa siku, na kwamba theluthi hivi ya nishati hupotea njiani, yapasa kuwa na wati zisizopungua 36. Basi itanunuliwa ya wati 40. Kama bei zingekuwa shilingi 120,000 kwa sabufa, 80,000 kwa paneli, 150,000 kwa betri, na 40,000 kwa kidhibiti chaji na nyaya, jumla ingekuwa shilingi 390,000. Katika mfano huu sabufa yenyewe haifiki theluthi ya gharama yote. Bei hizo ni za mfano tu. Wanafunzi waulize bei halisi katika gulio lao, wazitie mahali pake, kisha waone wenyewe uwiano utakavyokuwa.

WATI ZILIZOANDIKWA SANDUKUNI

Mnunuzi wengi huchagua mashine kwa kusoma tarakimu kubwa iliyochapwa juu ya sanduku. Hapo huweza kuona wati 3,000, au 5,000, na pembeni yake herufi P.M.P.O. Herufi hizo hudai kueleza kilele cha nguvu ya muziki, yaani nguvu ambayo chombo kingeweza kuitoa kwa kitambo kifupi sana katika hali iliyo njema kupita zote. Hakuna kanuni ya kimataifa inayoeleza kipimo hicho kifanywe vipi. Kila mtengenezaji huweza kukokotoa apendavyo.

Kanuni ya kuhifadhika kwa nishati hutoa hukumu ya haraka. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia ndani yake. Nyuma ya mashine, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kidogo kinachotaja volti na nguvu inayotumika. Mara nyingi mashine iliyosifiwa sandukuni kuwa ya wati 5,000 huandikwa nyuma wati 30 au 50. Kama kweli ingetumia wati 5,000, ingevuta ampea 22 hivi katika umeme wa volti 230, na waya wake mwembamba ungeungua. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ingeonekana mtoto mbele yake. Katika betri ya volti 12 ingehitaji ampea zaidi ya 400, mkondo ambao nyaya za nyumbani hazithubutu kuubeba.

Ni kweli kwamba mdundo mmoja wa ngoma, unaochukua sehemu ndogo ya sekunde, huweza kupewa nguvu ya ziada kutoka katika kapasita za mashine, ambazo hufanya kazi kama mtungi wa akiba. Lakini mtungi ukimiminwa, hapana budi ujazwe tena kwa waya ule ule. Tarakimu ndogo ya nyuma ndiyo ya kuaminiwa.

Udanganyifu huu si wa Afrika peke yake, wala si mpya. Nchini Marekani, wakati vyombo vya stereo vilipokuwa vikiuzwa kwa wingi, watengenezaji walishindana kwa kutangaza wati za kubuni, hata Tume ya Biashara ya serikali kuu ya nchi hiyo ikalazimika kutoa kanuni mwaka 1974 iliyoeleza jinsi nguvu ya kikuza sauti inavyopasa kupimwa kabla ya kutangazwa. Nchini Ujerumani Magharibi viwango vya ubora wa vyombo hivyo vilikuwa vimekwisha kuwekwa tangu mwaka 1966. Mnunuzi asiye na kipimo hununua maneno, awe Chicago au Shishiyu.

SIKIO HALIHESABU KAMA MKOBA

Hata pale wati zinapokuwa za kweli, sikio la binadamu huzipokea kwa namna yake. Nguvu ya sauti ikiongezwa maradufu, sikio halisikii sauti maradufu. Husikia ongezeko dogo tu, la desibeli 3. Ili msikilizaji wa kawaida aseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu yapasa kuongezwa mara 10 hivi, yaani desibeli 10. Kipimo cha desibeli kimejengwa juu ya logarithimu, na wanafunzi wanaojiuliza logarithimu zina faida gani wanaweza kuanzia hapa. Mtu anayeacha mashine ya kweli ya wati 20 akalipa zaidi ili apate ya wati 40 hununua tofauti ambayo jirani yake huenda asiitambue.

Umbali nao una sheria yake. Mahali pa wazi, kama uani pasipo kuta, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Anayetaka mtu aliye mita 16 asikie sawasawa na aliye mita 2 atahitaji nguvu mara 64. Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu huipata faida hiyo bila gharama: huwavuta watu wasogee karibu. Hatua chache za kusogeza viti hushinda paneli ya pili ya jua.

Jambo la tatu ni spika yenyewe. Spika ni chombo kinachopoteza nishati kwa kiasi cha kustaajabisha. Katika spika nyingi za nyumbani, kati ya kila wati 100 zinazoingia, isiyofika wati 1 hugeuka kuwa sauti. Zilizobaki huwa joto katika koili yake. Lakini spika hazilingani. Spika moja iliyopewa wati 1 huweza kutoa desibeli 84 kwa umbali wa mita 1, na nyingine desibeli 90. Tofauti ya desibeli 6 ni sawa na nguvu mara 4. Spika ya pili kwa wati 10 huimba sawa na ya kwanza kwa wati 40. Mahali ambapo kila wati hutoka katika betri iliyolipiwa kwa pamba, spika njema ni sawa na kuongeza betri tatu. Aidha, wati 1 katika spika hiyo yatosha kukijaza chumba sauti kubwa.

BESI, SANDUKU NA STEREO

Kwa nini basi sabufa hula umeme hivyo? Sababu ni besi. Sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na ili kuisukuma hewa kwa wimbi la namna hiyo spika yapasa kuwa pana na kwenda mbele na nyuma kwa nguvu. Tena sikio ni zito kwa sauti za chini, jambo lililopimwa na Fletcher na Munson huko Marekani mwaka 1933. Anayezungusha kitufe cha besi hadi mwisho ndiye anayeimaliza betri, hata kama hakugusa kitufe cha sauti.

Sanduku nalo lina kazi yake. Spika inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo huivuta nyuma. Mawimbi hayo mawili yakikutana, hasa yale marefu ya besi, hufutana. Sanduku huyatenganisha. Ndiyo maana sanduku imara la mbao nzito, lililozibwa vizuri, huweza kuipa spika ya bei ndogo sauti njema, na seremala wa kijijini anaweza kulitengeneza.

Stereo ni jambo jingine linalolipiwa bila kutumiwa. Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza ya stereo mwaka 1931. Wazo lake lilitegemea masikio kuwa mawili: sauti inayotoka upande mmoja hufika sikio la karibu mapema kuliko la pili, kwa tofauti isiyozidi sehemu 7 za sekunde iliyogawanywa mara 10,000, na ubongo huitumia tofauti hiyo kujua sauti imetoka wapi. Ili jambo hilo litokee nyumbani, spika mbili yapasa zitengane, na msikilizaji aketi mbele yake kiasi cha kufanya pembetatu yenye pande zinazokaribia kulingana. Spika mbili zilizobandikwa pamoja juu ya kabati, na wasikilizaji wakiwa nje chini ya mti, huwa stereo ya jina tu. Kuzitenganisha hakugharimu kitu ila waya.

MASIKIO HAYAUZWI DUKANI

Gharama ya mwisho hailipwi kwa shilingi. Ndani ya sikio mna chembe hai zenye vinyweleo vinavyopokea mitetemo, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80, na kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 89 ni saa 5, na kwa 92 ni saa mbili na nusu. Harusi ya usiku mmoja karibu na spika huweza kumaliza posho ya juma zima, na mtoto anayelala penye sabufa huwekwa hatarini bila ya kuulizwa. Mwanafunzi asiyemsikia vyema mwalimu wake hulipa gharama hiyo maisha yake yote.

MAJARIBIO KWA DARASA

Mambo haya yaweza kuthibitishwa shuleni kwa vyombo vya kawaida. Kwanza, darasa lichukue spika iliyotolewa katika redio mbovu, liiunganishe na redio nzima na kuisikiliza ikiwa wazi. Kisha liikandamize juu ya karatasi ngumu pana iliyotobolewa tundu linalolingana nayo. Besi itajitokeza papo hapo, ingawa hakuna wati iliyoongezwa. Pili, redio iwekwe uwanjani ikisoma habari kwa sauti isiyobadilishwa, na wanafunzi warudi nyuma hatua kwa hatua mpaka maneno yasitambulike. Umbali upimwe asubuhi penye utulivu, kisha tena penye kelele. Tatu, kila mwanafunzi anakili tarakimu mbili za mashine ya nyumbani kwao, ile ya sandukuni na ile ya kibandiko cha nyuma, na darasa likokotoe ampea ambazo kila tarakimu ingehitaji kwa volti 12.

Jaribio hilo la tatu lina faida kubwa kuliko yote, kwa sababu matokeo yake hurudi nyumbani pamoja na mwanafunzi. Msimu wa pamba utakapofunguliwa na mzazi akasimama dukani mbele ya masanduku yenye tarakimu za kujivuna, mtoto atakayesema, "Baba, hebu tugeuze mashine tusome nyuma," atakuwa ameitumia sayansi pale inapohitajiwa: kabla fedha hazijatoka mfukoni.